Nidhamu Inaanza na Mwalimu: Tunachojifunza kwa Timu ya Tenisi ya Wanafunzi

Kwa kusoma: 1 Wakorinto 9:24-27, 2 Timotheo 2:5, Waebrania 12:5-11

Hapa kwetu Kampemba ukitaja michezo ya shule, kijana anafikiri kwanza mpira wa miguu, kisha basiketi. Tenisi ni mchezo wa wachache. Raketi ni ya bei, kiwanja ni shida kupata, na wazazi wengi wanauhesabu kuwa mchezo wa watu wa klabu. Hata hivyo, kwa miaka michache sasa ninasaidia kufundisha timu ndogo ya wanafunzi wa sekondari: wavulana saba na wasichana watano, wengi wao wakija kwa miguu kutoka Bongonga na Hewa Bora. Tunafanya mazoezi siku ya posho asubuhi, na mara mbili katikati ya juma baada ya masomo. Kiwanja chetu ni sakafu ya simenti iliyojengwa kwa ajili ya basiketi. Mistari tunaichora wenyewe kwa chokaa, na mvua ikinyesha tunaichora tena.

Wachungaji wenzangu na wazazi wameniuliza mara nyingi maswali mawili. La kwanza: mchezo huu unalisaidia nini kanisa? La pili: unapataje nidhamu kwa vijana wa siku hizi bila fimbo? Nitajaribu kuyajibu yote mawili. Lakini siwezi kujibu kwa haki bila kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mpira uliogusa mstari

Asiyejua tenisi aelewe kwanza jambo moja. Katika mashindano makubwa kuna mwamuzi anayeketi kwenye kiti kirefu, na siku hizi kuna hata mashine za kutazama mistari. Katika michezo ya wanafunzi, mara nyingi hakuna mwamuzi. Kila mchezaji ndiye anayeamua juu ya mipira inayoanguka upande wake wa wavu. Kanuni ni wazi: mpira ukigusa mstari, hata kwa ukingo tu, ni mzuri. Kama hukuona vizuri, au una mashaka, mpira unahesabiwa kuwa mzuri, kwa faida ya mpinzani wako. Tena lazima useme papo hapo, kwa sauti. Maana yake, mtoto wa miaka kumi na sita anakuwa mchezaji, na wakati huohuo anakuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Sijui mchezo mwingine wa shule unaompa mtoto mzigo mzito namna hiyo.

Siku moja tulipokea timu ya shule nyingine. Tulikuwa tumelingana, michezo miwili kwa miwili, ukabaki mmoja. Aliyecheza alikuwa kijana wetu hodari kuliko wote. Mpinzani akapiga mpira mrefu, ukaanguka nyuma kabisa, ukarusha vumbi la chokaa. Kijana wetu akainua kidole: "Nje!" Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua nne hivi. Niliiona chokaa ikiruka. Mwalimu wa shule ile akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Tukapata pointi, tukapata mchezo, tukashinda siku ile.

Jioni, tulipokuwa tukikusanya mipira, msichana mdogo kuliko wote katika timu akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini: "Pasta, ule mupira ulikuwa ndani. Na weye uliona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuelewa. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewahubiri vijana wale nidhamu: kufika kwa saa, kufunga vizuri kamba za viatu, kutotukana, kumpa mpinzani mkono. Sasa mtoto aliniuliza, kwa njia yake, yote hayo yalikuwa kwa ajili ya nini. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu, "Ni kweli, mwanangu. Niliona."

Nidhamu si adhabu

Katika shule zetu nyingi, na hata katika makanisa yetu, tukisema nidhamu watu wanaelewa adhabu. Mwanafunzi amekosa nidhamu, basi apige magoti, akate majani, arudishwe nyumbani. Adhabu inaweza kuwa na mahali pake, lakini si kitu kilekile.

Neno nidhamu lilitufikia kutoka Kiarabu. Asili yake ni kupanga vitu kwa utaratibu, kama mtu anayetunga shanga katika uzi. Na katika Waebrania sura ya 12, neno la Kigiriki linalotumiwa kwa habari ya kurudiwa na Bwana ni paideia, ambalo linatokana na neno la mtoto. Ni malezi yote yanayomfanya mtoto awe mtu mzima: kufundishwa, kuzoezwa, kuonywa, kusahihishwa. Mwandishi anakubali kwamba malezi hayo yanauma wakati yanapotendeka. Lakini anayaweka ndani ya nyumba, kati ya baba na mtoto wake.

Tukiyaweka mafundisho hayo mawili pamoja tunaona jambo la maana. Kufika kwa saa ni shanga moja. Kuvaa vizuri ni shanga nyingine. Kukimbia, kunyamaza mwalimu anaposema, kutunza raketi isiyo yako, zote ni shanga. Uzi unaozishika ni ukweli. Siku ile mimi nilikata uzi, halafu nikashangaa shanga zikitawanyika. Kwa kweli zilitawanyika: juma lililofuata, vijana wawili walichelewa, na mmoja wao aliponiona nimeudhika, alitabasamu.

Waalimu nao waliapa

Mtume Paulo alikaa Korintho kama mwaka mmoja na nusu, kuanzia mwaka wa 50 hivi baada ya Kristo. Karibu na mji ule, kila baada ya miaka miwili, ilifanyika michezo ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani. Wakorinto walipomsoma Paulo akisema juu ya mbio, ngumi na taji linaloharibika, walielewa kila neno. Vitu hivyo vilikuwa mlangoni pao.

Katika michezo mikubwa zaidi, ile ya Olimpia, kulikuwa na desturi ambayo mwandishi Mgiriki Pausanias, wa karne ya pili, ametuachia habari zake. Kabla ya michezo, wachezaji waliapa kwamba wamefanya mazoezi kwa miezi kumi mfululizo kufuata kanuni. Lakini hawakuapa peke yao juu ya uaminifu katika michezo. Baba zao waliapa, ndugu zao waliapa, na waalimu wao waliapa, kwamba hawatafanya hila yoyote.

Sisi hatuapi mbele ya sanamu za miungu. Lakini wapagani wale walijua jambo ambalo mimi, mhitimu wa shule ya theolojia, nililisahau: kijana anapodanganya uwanjani, mara nyingi kuna mtu mzima nyuma yake ambaye alitaka ushindi kuliko yeye. Paulo anapomwambia Timotheo kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali, anamwandikia kiongozi kijana, mtu atakayewafundisha wengine.

Daktari na watoto wake

Nikitafuta mfano wa mwalimu wa vijana katika tenisi, ninamkumbuka Dakta Robert Walter Johnson, Mwamerika mweusi, daktari wa mji wa Lynchburg katika jimbo la Virginia. Wakati wa ubaguzi wa rangi, watoto weusi hawakuruhusiwa kucheza na weupe katika mashindano mengi. Daktari huyo alikuwa na kiwanja nyumbani kwake, na kuanzia miaka ya 1950 aliwakusanya vijana kila wakati wa likizo kubwa, akawafundisha. Walifanya pia kazi za nyumbani na za kiwanjani, maana hakutaka mtoto ashike raketi tu bila kushika ufagio.

Sheria yake moja imebaki maarufu. Aliwaambia vijana: mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo tu ya mstari, uhesabu kuwa mzuri, uurudishe, endelea kucheza. Usibishane na mwamuzi. Usirushe raketi. Alijua kwamba watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwafukuza wangetumia neno moja la ugomvi. Sheria hiyo ilikuwa nzito, na ilizaliwa katika dhuluma ambayo hatuwezi kuisifu. Lakini tazama alivyofanya: hakungoja ulimwengu uwe wa haki ndipo adai ukweli kwa watoto wake.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Arthur Ashe, aliyefika kwake mwaka wa 1953 akiwa na miaka kumi. Siku za kwanza mtoto alipinga, akisema mwalimu wake wa zamani alimfundisha kwa njia nyingine. Daktari akamwita baba yake. Baba alifika, akamwambia mtoto kwamba sasa mwalimu wake ni Dakta Johnson. Mtoto akatii. Mwaka wa 1968 Ashe alishinda mashindano makubwa ya Marekani, na mwaka wa 1975 akashinda Wimbledon. Alipopita Yaoundé, Kameruni, mwaka wa 1971, alimwona mtoto wa miaka kumi hivi akicheza vizuri, akasaidia apelekwe Ufaransa kufundishwa. Jina lake Yannick Noah, aliyeshinda Roland Garros mwaka wa 1983. Kazi iliyoanza kwenye kiwanja cha nyumbani cha daktari mmoja ilifika mpaka Afrika.

Nawaomba wazazi waangalie pia sehemu ya baba. Hakumtetea mtoto wake dhidi ya mwalimu, na hakumpiga. Alifika mwenyewe, akasema neno moja.

Bidii ni nini, na inaishi wapi

Kuhusu bidii kuna kosa ambalo waalimu wengi tunalifanya. Kijana akichelewa tunamwambia, "Zunguka kiwanja mara kumi." Anajifunza kwamba kukimbia ni adhabu. Kesho tukimwambia akimbie ili apate nguvu, moyo wake unakataa. Katika timu yetu tumeacha jambo hilo. Anayechelewa anakuwa wa mwisho kupata raketi, basi. Kukimbia tunakimbia wote, na mwalimu pamoja nao, hata kama tumbo la mwalimu linamchelewesha nyuma.

Tena tunawafundisha kutenga mambo mawili: yale ambayo mchezaji anaweza kuyatawala, na yale ambayo hawezi. Upepo hawezi. Nguvu za mpinzani hawezi. Kushinda au kushindwa, mara nyingi hawezi. Lakini anaweza kutawala mahali pa miguu yake, macho yake juu ya mpira, na mpira wa kuanzisha mchezo, kwa sababu huo ndio mpigo pekee katika tenisi ambao hautegemei mtu mwingine. Ndiyo maana kila mmoja wetu anapiga mipira arobaini ya kuanzisha kabla ya kwenda nyumbani. Tunahesabu ngapi iliingia, tunaandika katika daftari. Hatuwalinganishi watoto wao kwa wao. Kila mtoto analinganishwa na daftari lake la mwezi uliopita.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji hawalioni. Kanuni za tenisi zinampa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine, na sekunde 90 wachezaji wanapobadilishana upande. Katika mchezo mrefu, muda huo ukijumlishwa unazidi muda wa kupiga mpira wenyewe. Kijana anafanya nini katika sekunde hizo 25? Anatukana? Anamtazama mwalimu kwa huzuni? Au anapumua, anaweka sawa miguu, anaanza upya? Kwa miaka mingi kanuni zilimkataza mwalimu kusema na mchezaji wake katikati ya mchezo wa mtu mmoja mmoja. Chochote ulichotaka kumpa mtoto, ulipaswa uwe umempa kabla. Mzazi anayempeleka mwana wake kusoma Kinshasa au Kolwezi anajua maana ya jambo hilo.

Wala tusiseme bidii ni ya watoto wenye mali. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka wa 2004, alifiwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, yeye na pacha wake. Walilelewa na nyanya yao, aliyefanya kazi ya usafi katika shule moja ya Nairobi, na hapohapo shuleni watoto wakaanza kucheza tenisi. Mwaka wa 2022 Angella alishinda Wimbledon ya vijana katika mchezo wa wawili wawili, pamoja na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kupata taji kama hilo kabla yake. Mwaka wa 2024, huko Accra, akapata medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika.

Sheria moja kwa hodari na kwa mnyonge

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Jaribu kubwa la kila mwalimu ni mchezaji hodari. Asiye hodari akikosa, tunasema haraka. Hodari akikosa, tunaangalia chini, kama nilivyofanya mimi.

Sisi watu wa Lubumbashi tunakumbuka mwaka wa 2010. Mwezi wa tano, katika mchezo wa Kigali, kulitokea vurugu na mwamuzi akashambuliwa. FIFA ikamfungia Trésor Mputu, nyota wa TP Mazembe, kwa muda wa mwaka mmoja, na mwenzake Guy Lusadisu akafungiwa pia. Mwezi wa kumi na mbili, Mazembe ikaishinda Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Tarehe 18 ikafungwa na Inter ya Milan 3-0, na nyota wetu hakuwa uwanjani. Sisemi haya ili kumhukumu ndugu huyo, ambaye alirudi akaendelea kutufurahisha kwa miaka. Nasema kwa sababu mji mzima ulijifunza kwamba dakika moja ya hasira inaweza kula kazi ya miaka, na kwamba kipaji hakimfungulii mtu mlango wa kupita juu ya sheria.

Basi katika mazoezi yaliyofuata niliwakalisha vijana chini, nikakiri mbele yao. Nilisema: mpira ulikuwa ndani, niliona, nikanyamaza kwa sababu nilitaka tushinde. Sikumtaja kijana. Kisha nikamwandikia mwalimu wa shule ile, nikamwambia kwamba ushindi ni wao.

Kijana alikasirika sana. Hakuja mara mbili. Baba yake alikuja nyumbani kwangu, akaniambia, "Pasta, umemwaibisha mtoto wangu." Nilimjibu, "Baba, nimejiaibisha mimi kwanza. Mtoto wako alisema uongo mmoja, na mimi nilimwonyesha kwamba unalipa." Tuliongea mpaka usiku. Mama Pasta akatuletea chai. Baba yule alinieleza kwamba mwana wake yuko darasa la sita, anangoja Exetat, na kwamba tayari kuna watu wanaozunguka wakiahidi majibu kwa faranga kidogo. Ndipo tulipoelewa pamoja kwamba tulikuwa hatuongei juu ya tenisi. Mtoto anayejifunza kiwanjani kwamba mtu mzima hunyamaza pale uongo unapoleta faida, atalitumia somo hilo mbele ya mtihani, barabarani, na ofisini. Na tunamlilia Mungu kila siku juu ya nchi yetu, kana kwamba wanaoiharibu hawakupita mikononi mwetu.

Juma la tatu kijana alirudi. Hakusema kitu. Alichukua ufagio, akafagia kiwanja, akaanza kuchora mstari wa nyuma kwa chokaa. Michezo miwili iliyofuata tulishindwa yote.

Kwa makanisa yanayotaka kuanza

Mwalimu afike wa kwanza na aondoke wa mwisho. Sheria ziwe chache, ziandikwe, na zimhusu hata mwalimu. Mchezaji atangaze hesabu ya pointi kwa sauti kabla ya kuanzisha mpira. Hilo linaondoa ugomvi mwingi. Mara moja kwa mwezi wazazi waje kutazama mazoezi, si mashindano tu. Na mazoezi yasishindane na ibada wala na masomo.

Ninawaza pia ndugu zetu wa Kivu na Ituri, ambako vita vimefunga shule nyingi na kuwaondoa watu makwao. Najua huko kiwanja cha tenisi si shida ya kwanza. Lakini watoto wanacheza hata kambini. Kamba moja ikifungwa kati ya miti miwili, mpira wa matambara, mstari uliochorwa kwa mti ardhini, na sheria moja kwamba kila mtoto aseme kweli juu ya upande wake, hapo mtu mzima mwaminifu anaweza kuanza kazi. Watoto walioona uongo mwingi wa watu wenye silaha wanahitaji kumwona mtu mzima mmoja anayesema "nilikosa".

Kwa vikundi vya vijana na vya wazazi, ninaacha maswali haya: Ni wapi nyumbani kwetu au kanisani tuna sheria mbili, moja ya hodari na nyingine ya mnyonge? Ni lini mara ya mwisho mtoto alitusikia tukikiri kosa? Na kama waalimu wangeapishwa leo pamoja na wachezaji, mimi ningeweza kuapa?

Bwana awape nguvu wote wanaolea vijana. Siku ya posho, mvua isiponyesha, tutakuwa kiwanjani saa moja asubuhi. Chokaa tumeshanunua.